Waifai Haifiki Uani: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii zimetoka Tanga, na karibu zote zinalia jambo moja: mtandao umelipiwa, lakini haufiki unapotakiwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ipo Ngamiani, ni ile ya kizamani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, halafu ua wenye jiko. Kuta ni za mawe na chokaa. Tumevutiwa faiba ya Mbps 20, ruta imefungwa chumba cha mbele kushoto. Chumba cha tatu mtandao unasuasua, uani haupo kabisa. Nimeshauriwa nipandishe kifurushi hadi Mbps 50. Nipandishe? — Mama wa watatu, Ngamiani

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Usipandishe bado. Pima kwanza. Simama mita 2 kutoka kwenye ruta, wengine wote wakiwa wamezima simu zao, kisha pima kasi mara tatu. Ukipata Mbps (kipimo cha kasi ya mtandao) 18 hadi 20 pale, halafu chumba cha tatu ukapata 2 au 3, kifurushi chako kinaingia ndani kizima na kinafia ukutani. Ukilipia 50, chumba cha tatu kitabaki na hiyohiyo 2 au 3.

Kuta zenu ndizo za kuangalia. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaweza kuwa na unene wa nusu mita, na chokaa hunyonya unyevu wa bahari. Maji nayo humeza mawimbi ya redio, ndiyo maana wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Kuna na jambo la mshazari ambalo wengi hawalifikirii. Mawimbi yakiupiga ukuta wa sentimita 50 moja kwa moja, yanapita sentimita 50. Yakija kwa pembe ya nyuzi 45, yanapita karibu sentimita 71 za jiwe. Kutoka chumba cha mbele kwenda cha tatu yanakata kuta mbili, na kwenda chumba cha nyuma upande wa pili yanakata hizo na nyingine zaidi, zote kwa mshazari.

Nyumba ya Kiswahili ina dawa yake ndani yake: ukumbi. Ruta ikikaa ukumbini, juu kama mita 2 kutoka sakafuni, mawimbi yanaingia kila chumba kupitia mlangoni, na mlango wa mbao hauyasumbui sana. Usiiweke nyuma ya televisheni, juu ya friji wala karibu na kioo kikubwa. Chuma na kioo cha kujitazamia hurudisha mawimbi. Antena zisimame wima.

Sasa, usivute ule waya mwembamba wa faiba ili uisogeze ruta. Ndani yake mna uzi wa kioo, na ukiukunja kwa kona kali mwanga unavuja, taa nyekundu inawaka na nyumba nzima inakosa. Kiache kifaa cha faiba palepale. Toa waya wa kawaida wa mtandao kutoka kwenye tundu lake la LAN (la kupeleka mtandao kwenye vifaa vya ndani), uupitishe juu ya mlango hadi mwisho wa ukumbi karibu na mlango wa uani, kisha funga hapo ruta ya pili. Ukumbi wa mita 14 utakula waya wa mita 20 hivi, ukihesabu kupanda, kushuka, na ziada ya mita 1 kila ncha. Nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, vichwa 6 vya kufunga kwenye ncha za waya ingawa vinavyohitajika ni 2, na mfereji wa plastiki wa kuuficha. Usiulaze pamoja na waya wa umeme. Acha kama sentimita 20 kati yao, na panapobidi kukatana, vikatane kwa msalaba.

Kuiseti ruta ya pili ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Iunganishe na kompyuta peke yake kwanza, kabla ya kuigusisha na ile ya faiba. Ikiwa ina chaguo la kufanya kazi kama akses pointi, yaani kutoa waifai tu bila kugawa anwani, chagua hilo, kazi imekwisha. Ikiwa haina, badilisha anwani yake: kama ruta ya faiba ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kifaa kingine chenye anwani hiyo. Kisha zima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani kwa simu. Ndipo uchomeke waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN (la kupokea mtandao kutoka nje) lenye rangi tofauti. DHCP ikiachwa inawaka, ruta mbili zinagawa anwani kwa wakati mmoja. Simu moja inafanya kazi, ya jirani yake inaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, na kesho zinabadilishana. Ukiona ugonjwa wa kuhamahama namna hiyo, anzia hapo.

Jina la waifai na neno la siri viwe sawa kwenye ruta zote mbili ili simu ihame yenyewe. Chaneli ndizo ziwe tofauti. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz. Chaneli hizo tatu ndizo zisizoingiliana. Moja ikiwa 1, nyingine iwe 6 au 11. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini ukuta kama wenu yanauvuka kwa shida, kwa hiyo yawashe kwa ajili ya walio chumba kimoja na ruta. Kwa ajili ya jikoni uani, 2.4 GHz kupitia mlango wa nyuma itatosha.

SWALI: Nilinunua ripita, nikaichomeka kwenye soketi ya chumba kisichopata mtandao. Inawaka taa nyekundu. Ni mbovu? — Kijana wa Chumbageni

JIBU: Si mbovu, kijana wetu. Ripita hairudii isichosikia. Iweke katikati ya safari, mahali ambapo simu bado inasoma takribani −65 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Programu za bure za kupimia waifai zinaonyesha tarakimu hiyo. Kadiri namba inavyokaribia −80, ndivyo mawimbi yanavyokufa. Ujue pia kwamba ripita ya bei nafuu hupokea na kutuma kwa chaneli moja, zamu kwa zamu, kwa hiyo kasi hushuka kwa nusu au zaidi. Kwa mazungumzo ya WhatsApp inatosha. Kwa darasa la video, vuta waya.

SWALI: Tumelipia Mbps 200. Kompyuta iliyo kwenye waya inapima 94 kila siku, asubuhi na usiku. Mtoa huduma anasema kwake kuko sawa. Fundi alivuta waya mwaka juzi na testa yake (kifaa cha kupimia waya) iliwasha taa zote 8. — Msomaji, Raskazone

JIBU: Hiyo 94 isiyotikisika ndiyo inayomsema mwizi. Msongamano ungeipandisha na kuishusha. Inapoganda kwenye 94 au 95, maana yake vifaa viwili vimekubaliana kuongea kwa Mbps 100, na kinachobaki huliwa na mizigo ya itifaki, yaani taarifa za kuongozea data. Ili kufika Mbps 1,000 jozi zote 4 za nyuzi zilizo ndani ya waya lazima ziwe nzima. Uzi mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia ukikatika, vifaa hushuka hadi 100, kasi inayotumia jozi 2 tu. Angalia kwanza kama tundu la ruta au la kompyuta lenyewe ni la 100. Ikiwa ndivyo, waya hauna hatia.

Ikiwa matundu ni ya 1,000, shika vichwa vya waya. Raskazone mpo kwenye upepo wa chumvi. Chomoa kichwa, kipeleke kwenye mwanga, utazame zile pini 8 za dhahabu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye mojawapo, umempata. Usizikwangue kwa kisu. Ile dhahabu nyembamba ikitoka, kutu inarudi kwa kasi zaidi. Kata sentimita 5 na ufunge kichwa kipya.

Hapohapo pima waya wenyewe. Chukua uzi mmoja, uukwangue kwa wembe taratibu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ukikutana na weupe wa kung'aa, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na unauzwa sana kwa sababu ni nafuu. Hukatika kwenye kichwa ukikunjwa mara chache, na palipochubuka huoza upesi kwenye hewa ya pwani. Waya huo hautibiki, ubadilisheni wote.

Unapofunga kichwa, kishike ulimi ukiwa chini, waya ukija upande wako. Kushoto kwenda kulia: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili hivyohivyo. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe pamoja. Wapo wanaopanga rangi jozi kwa jozi, kijani na kijani mwenzake, bluu na bluu mwenzake, kwa kuwa inapendeza. Testa ya taa 8 itawasha zote, kwani yenyewe huuliza tu kama uzi umefika. Haioni kwamba pini ya 3 na ya 6 hazijasokotwa pamoja, na waya wa urefu wa maana utapoteza data.

SWALI: Huku Pongwe natumia ruta ya laini ya simu ya 4G. Nje simu ina vipau vinne, ndani ya nyumba ya bati ruta ina kimoja. Ninunue antena? — Mwalimu, Pongwe

JIBU: Mwalimu, kabla ya kununua chochote fungua ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake na utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (mawimbi hayo yakilinganishwa na kelele); vipau havisemi kweli. RSRP ya −80 hadi −95 ni nzuri, ikishuka chini ya −110 ni dhaifu. SINR juu ya 13 ni nzuri, karibu na 0 kelele imelingana na mawimbi. Zunguka na ruta dirisha kwa dirisha, kila mahali subiri dakika 2, andika namba zote mbili. Bati huzuia mawimbi, kwa hiyo dirisha linaloelekea mnara kwa kawaida hulishinda lolote lingine. Pima tena saa 2 usiku: namba zikibaki nzuri huku kasi imeanguka, mnara umezidiwa na watumiaji, na antena haitasaidia.

Ikibidi kutoka nje ya bati, nunua ruta ya nje inayolishwa umeme kwa waya uleule wa mtandao. Antena yenye waya mrefu mwembamba hupoteza njiani sehemu kubwa ya ilichokusanya. Waya wa nje uwe mweusi, wa kustahimili jua. Wa kijivu wa ndani hupasuka ganda. Tundu la ukutani litobolewe likishuka kuelekea nje, na kabla ya kuingia waya ufanye tumbo la kuning'inia ili maji ya mvua yadondokee hapo. Mawingu ya radi yakikusanyika, kabla haijaanza kupiga, chomoa waya huo pamoja na umeme wa ruta: shaba iliyotoka nje huleta mshtuko ndani hata swichi ya ukutani ikiwa imezimwa.