Mafuta ya karafuu, sindano na figo: majibu kwa wasomaji

Mama yangu kalazwa, anachomwa sindano za gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Jirani kaniletea kichupa cha mafuta ya karafuu, anasema nimpe kijiko kila asubuhi yamkinge figo. Nimpe? (Msomaji, Wete)

Usimpe, ndugu yangu. Jirani hakulizua jambo hili. Gentamisini hutoka mwilini kupitia figo, na nyengine hubakia ndani ya seli za vijirija vya figo ikazijeruhi. Watafiti wamewapa panya dawa hiyo pamoja na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na figo zao zikaumia kidogo kuliko za panya waliopewa dawa peke yake. Lakini panya wale walipimiwa kwa uzito wa mwili, tena kwa siku chache. Kijiko cha jirani kimepimwa na nani? Kuna mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mafuta haya baina ya mililita 5 na 10, akapata degedege, akazimia, na ini likaharibika. Kijiko cha chai ni mililita 5.

Mgonjwa wa gentamisini hukingwa kwa kipimo kinacholingana na uzito na hali ya figo zake, maji ya kutosha mwilini, na siku za sindano zisizozidi haja. Daktari akipita wodini muulize: "Kreatinini ya mama ni ngapi, na itapimwa tena lini?" Kreatinini ni taka ya damuni, ikizidi ni alama kuwa figo hazichuji vyema. Si utovu wa adabu kuuliza. Na kama mama ameshalambishwa mafuta hayo, sema leo, usione haya.

Mbona karafuu tunazitia kwenye chai na pilau tangu wazee wetu, na hatujafa? (Msomaji, Mkoani)

Kweli, na endelea kuzitia. Ukipita Wawi, kule Pemba, siku wanayopika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, harufu inakupokea barabarani kabla hujakiona kiwanda. Pale hupitishwa mvuke kwenye mzigo mkubwa wa makonyo, na kinachotoka ni mafuta kidogo tu, kiasi cha asilimia 5 au 6 ya uzito wake. Kwa hiyo chembe mbili za karafuu kwenye birika ni kitu kimoja, na kijiko cha mafuta ni kitu chengine kabisa. Mafuta hayo pia huzuia damu kuganda. Anayetumia wafarini au aspirini asiyanywe.

Na habasoda? Hiyo ina Hadithi. (Msomaji, Mji Mkongwe)

Hadithi tunaiheshimu. Ila mafuta ya habasoda ya dukani hukamuliwa mbegu, kwa hivyo mengi yake ni mafuta mazito ya kawaida, na yale tete, yenye thaimokwinoni inayozungumzwa na watafiti, ni machache. Huko nako ushahidi mwingi wa figo ni wa panya. Chakulani hayana neno. Akiyataka mtu anayetibiwa saratani kwa sisiplatini, kwanza azungumze na daktari wake, kwani dawa ile huunguza figo kwelikweli, na kinga yake inayojulikana ni dripu nyingi za maji kabla na baada ya dozi.

Bibi yangu anakunywa diklofenaki kila siku kwa magoti, pamoja na dawa za presha. Nimchue kwa mafuta ya makonyo badala yake? (Msomaji, Konde)

Mchue, kwa matone machache yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, maana yakiwa makavu huunguza ngozi. Kinachonitia hofu zaidi ni hiyo diklofenaki. Vidonge hivyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na vikikutana na dawa za presha kama enalapri au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, figo za mzee zinaweza kusimama ghafla, hasa akiharisha au akifunga bila ya kunywa maji ya kutosha usiku. Mpeleke kituo cha afya wiki hii na vidonge vyake vyote ndani ya mfuko mmoja.

Tangu nianze dawa mkojo umepungua na miguu inavimba. (Msomaji, Makunduchi)

Nenda hospitali leo. Usingoje asubuhi.