Ngozi shingoni mwa mbwa: majibu kwa wasomaji

Maswali niliyoyachagua safari hii yanahusu ngozi inayotumika katika vifaa vya mbwa na paka, yaani mikanda ya shingo, kamba za kutembezea na vile vitafuno vya ngozi vinavyouzwa madukani. Nimeyafupisha yale yaliyokuwa marefu bila kugusa maana yake.

Mimi na mke wangu tumeacha kula nyama kwa kuwahurumia wanyama, lakini mbwa wetu anavaa mkanda wa ngozi ya ng'ombe. Je, huu si unafiki? (Msomaji, Arusha)

Unafiki sioni, ila jibu lake haliwezi kuwa la neno moja. Wenye viwanda husema kwamba ng'ombe huchinjwa kwa ajili ya nyama, na kwamba ngozi ni masalia ambayo yasipotumika yatazikwa au kutupwa. Huko kwenu hoja hiyo ina uzito wa kweli. Ng'ombe wa Mmasai au wa Msukuma hafugwi kwa ajili ya ngozi. Ngozi yake hufika machinjioni ikiwa na alama za chapa ya moto, makovu ya miiba na ya kupe, kisha mchunaji asiye na kisu kinachofaa huitoboa hapa na pale, hata bei yake ikaanguka na mwenyewe akaona usumbufu wa kuisafirisha unazidi malipo. Mkanda uliotokana na ngozi kama hiyo haukumwongezea kifo mnyama yeyote.

Lakini si kila ngozi ni masalia, na mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 2012 sheria ya Kenya ilimwingiza punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa, na kuanzia mwaka 2016 yakafunguliwa machinjio manne ya punda ambayo biashara yake kubwa ilikuwa ngozi, kwa sababu nchini China ngozi ya punda huchemshwa ili kupata gundi iitwayo ejiao, inayotumika kama dawa na kirutubisho. Hapo ngozi ndiyo iliyomwita mchinjaji, na nyama ikawa masalia. Punda walianza kuibwa usiku, na akina mama waliowategemea kubeba maji wakarudia kubeba madumu mgongoni. Serikali ilitangaza marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ngozi ya punda haitengenezewi mikanda ya mbwa, lakini kisa chake kinaonyesha kwamba neno "masalia" linategemea nani analipa na analipia nini. Hali ni hiyo hiyo kwa mikanda ya kifahari ya ngozi ya mamba au chatu inayouzwa Ulaya na Marekani, ambako aghalabu ngozi ndiyo yenye thamani.

Kati ya pande hizo mbili kuna eneo gumu zaidi. Nchini Brazili ufugaji wa ng'ombe ndio chanzo kikuu cha kukatwa kwa msitu wa Amazoni, na ngozi za huko husafirishwa hadi viwanda vya mbali, ambako ni vigumu sana kujua ng'ombe alilelewa wapi. Mfugaji hupata sehemu ndogo tu ya kipato chake kutoka kwenye ngozi, lakini sehemu ndogo nayo ni pesa.

Kwa hiyo endeleeni kuutumia mkanda mlio nao, kwa maana kuutupa hakumrudishii ng'ombe uhai, na kutawalazimu kununua mwingine. Utakapochakaa, kama dhamiri zenu bado zinawasumbua, nunueni wa utepe wa pamba au wa nailoni, mbwa hatajua tofauti.

Nimeona mikanda imeandikwa "ngozi halisi". Nitajuaje kama ilisindikwa kwa kemikali au kwa magome ya miti, na je, kuna tofauti kwa mazingira? (Msomaji, Nairobi)

Maandishi ya "ngozi halisi" hayakuelezi chochote kuhusu usindikaji. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi iliyosindikwa kwa kemikali ya madini ya kromu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ngozi yote duniani, mara nyingi huwa na rangi ya kijivu inayoelekea samawati katikati, isipokuwa kama rangi ya juu imepenya hadi ndani. Ngozi ya magome huwa ya kahawia tangu juu hadi chini, hukolea inapopigwa na jua, na huacha doa jeusi pale inapogusana na chuma chenye unyevu. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huifungia bizimu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu.

Kuhusu mazingira, watu wengi hupenda hadithi nyepesi ya kromu mbaya na magome mazuri. Kromu inayotumika viwandani, ile ya aina ya tatu, haina sumu kali, lakini katika mazingira fulani inaweza kugeuka kuwa kromu ya aina ya sita, ambayo husababisha mzio wa ngozi na, ikivutwa kwa hewa, saratani. Tangu Mei 2015 Umoja wa Ulaya hauruhusu bidhaa za ngozi zinazogusa mwili wa binadamu kuwa na zaidi ya miligramu 3 za kromu hiyo katika kila kilo. Madhara makubwa yameonekana pale maji machafu ya viwanda yalipoachwa yatiririke ovyo, kama Kanpur nchini India kando ya mto Ganges, au mtaa wa Hazaribagh mjini Dhaka, Bangladesh, ambako viwanda viliendelea kuchafua mto Buriganga hadi mwaka 2017 vilipohamishiwa Savar, nje ya mji.

Kwa upande wa magome, Tanzania inayo historia yake: kule Njombe miti ya miwati imepandwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ili magome yake yatoe dawa ya kusindikia ngozi, na zao hilo husafirishwa nje. Mwanafunzi wa jiografia kule anajua pia kwamba mwati ni mti wa kigeni kutoka Australia, unywao maji mengi na uotao hata usipoalikwa. Aidha, ngozi ya magome hukaa katika dawa kwa wiki nyingi, wakati ya kromu humalizika kwa siku moja au mbili, na maji machafu ya usindikaji wa magome huupokonya mto hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba kabla ya kromu au magome, karibu ngozi zote hupitia chokaa na kemikali ya salfaidi ili manyoya yatoke, na sehemu kubwa ya uchafu na uvundo unaowasumbua majirani wa viwanda hutokana na hatua hiyo. Kwangu mimi swali la kwanza ni kama kiwanda kina mtambo wa kusafisha maji unaofanya kazi, ndipo nitauliza kilitumia dawa gani.

Duka la hapa linauza mikanda ya "ngozi ya mimea" kwa bei ya juu. Je, ndiyo suluhisho? (Msomaji, Kampala)

Nyingi ya bidhaa hizo ni ile ile reksini ya viti vya matatu, iliyopewa jina jipya. Kitambaa hupakwa poliyurethani au PVC, aina za plastiki ambazo chimbuko lake ni mafuta ya petroli, na baada ya muda tabaka la juu huanza kubanduka vipande vipande pale mkanda unapokunjwa. Zipo zinazotengenezwa kweli kwa majani ya nanasi au kwa dungusi kakati, lakini hizo nazo kwa kawaida huchanganywa na plastiki au kupakwa utomvu wa viwandani ili zistahimili maji. Sizibezi, ila sioni sababu ya kulipia mimea wakati kinachoshika uzito wa mbwa ni plastiki. Kama hutaki ngozi, utepe mnene wa pamba unafaa. Katani ya Tanga ni imara mno, lakini hukwaruza shingo na viganja vya mikono, kwa hiyo iache ifungie mizigo.

Nafuga paka, na nimeletewa zawadi ya mkanda wake kutoka Ulaya. Nahofia ni ngozi ya nguruwe. (Msomaji, Mombasa)

Ngozi ya nguruwe hutambulika kwa vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu, japo ikipigwa chapa ya mashine alama hizo hupotea. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kudibaghi, yaani kusindika ngozi, hutoharisha ngozi ya mnyama hata aliyekufa bila kuchinjwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Ukiwa na shaka, muulize shehe wa mtaa wenu, yeye ndiye mwenye fani. Nitaongeza tu kwamba hukumu hiyo inafungamana na kisa mashuhuri cha kondoo aliyekufa, mali ya mjakazi aliyeachwa huru na Bi Maimuna, mke wa Mtume, ambapo Mtume aliuliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidibaghi na kunufaika nayo. Wanaodhani kwamba ulimwengu umeanza jana kujadili masalia wakisome.

Hakikisha pia kifungo cha mkanda huo kinaachia kikivutwa kwa nguvu, kwani paka hupanda miti na kuta, na mkanda usioachia unaweza kumnyonga.

Vipi vitafuno vya ngozi ghafi? Mbwa wangu anavipenda sana. (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa sina maneno ya katikati: acha kumpa. Ngozi hupasuliwa matabaka, la juu likaenda kwa watengeneza viatu na mikoba, na la ndani likasafishwa kwa chokaa, mara nyingi likang'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi, kisha likasokotwa na kukaushwa. Mbwa mwenye pupa humeza pande kubwa, pande hilo huvimba kwa maji, nalo linaweza kumkaba kooni au kumziba matumbo hadi apasuliwe. Mwaka 2017 kampuni moja nchini Marekani ililazimika kurudisha vitafuno vyake kutoka madukani baada ya kubainika kwamba wasambazaji wake kadhaa walivisindika kwa dawa iliyokusudiwa kusafishia mitambo. Kwa mtazamo wa uhifadhi vitafuno hivi vinasifika, kwa kuwa hutumia tabaka ambalo lingetupwa, nami sikatai, lakini tumbo la mbwa si mahali pa kuhifadhia masalia ya kiwanda. Mpira mgumu usioweza kupita kooni unatosha. Mifupa iliyopikwa usimpe pia, huvunjika vipande vyenye ncha.

Mimi ni fundi viatu na ninabakiwa na vipande vingi vya ngozi. Nataka kushona mikanda ya mbwa yenye shanga niwauzie watalii. Nizingatie nini? (Msomaji, Moshi)

Wazo lako ni zuri kuliko yote yaliyomo katika barua hizi, kwa sababu vipande hivyo tayari vimekwisha kugharimu ng'ombe, maji na dawa. Chagua vinavyotoka mgongoni. Vya tumboni hunyumbuka na mkanda utalegea. Usiunge vipande viwili kwa gundi peke yake, vishone na kuvipigia ribiti, kwa kuwa mbwa mkubwa akivuta ghafla barabarani, kiungio kikikatika ni ajali. Shanga zishonwe kwa uzi wa nailoni, tena upande wa nje tu, ili zisisugue manyoya wala mbwa asizing'oe na kuzimeza.

Muulize anayekuuzia ngozi ilisindikwa kwa nini, na uiandike kwenye kikaratasi cha bidhaa, maana mtalii atauliza. Kama wanaokutungia shanga ni akina mama wa Kimasai, wakubaliane nawe malipo kwa kila mkanda kabla ya kazi kuanza, na bei ya kuuzia waijue. Mabaki madogo yasiyofaa kitu usiyachome moto, kwa kuwa kromu ikiungua inaweza kugeuka kuwa ile ya aina ya sita nawe ukaivuta pamoja na moshi na jivu. Wala usimtupie mbwa wa jirani atafune.