Ukienda Tarragona, lala huko

Tarragona ni mji wa Hispania wenye magofu ya Warumi. Ukitokea Barcelona, panda treni ya kawaida, si ya mwendo kasi. Ya mwendo kasi itakuteremsha kituo cha Camp de Tarragona, mashambani, kama kilomita 10 kutoka mjini. Mimi yalinikuta: mvua, begi zito, na basi la mjini limeshaondoka. Ya kawaida huchukua saa moja na kidogo, hupita kando ya bahari na hukuacha mjini penyewe. Jumatatu usiende, magofu mengi hufungwa.

Watu wengi huipiga picha amfitheata, uwanja wa maonyesho wa Warumi, wakala chakula, wakarudi Barcelona jioni. Nawaonea huruma, maana uzuri wa mji huu ni jinsi enzi moja ilivyojengwa juu ya nyingine, na hilo halionekani kwa haraka.

Anza na hiyo amfitheata. Ni ya karne ya 2, iliingiza watu wapatao 14,000, na bahari iko pale pale nyuma yake. Keti kwenye ngazi za mawe uangalie chini, katikati ya uwanja. Utaona kuta fupi za kanisa. Mwaka 259 Warumi walimchoma moto Askofu Fructuosus humo humo, akiwa hai, pamoja na mashemasi wake Augurius na Eulogius. Baadaye Wakristo wakajenga kanisa pale pale walipofia, na katika karne ya 12 likajengwa jingine juu yake. Nilikaa nusu saa nzima bila kuitoa simu mfukoni.

Kisha panda mji wa juu. Plaça de la Font, kiwanja cha wazi unapokunywa kahawa, palikuwa sehemu ya uwanja wa Warumi wa mbio za magari ya farasi. Baadhi ya nyumba pembeni zimekalia matao yake.

Kwenye kanisa kuu, lililowekwa wakfu mwaka 1331, usiishie ndani. Toka uende kwenye ua wenye nguzo, uwashe tochi ya simu na utafute panya. Wamechongwa juu ya nguzo, wadogo kabisa, wamebeba jeneza la paka kama waombolezaji. Picha inayofuata, paka kafufuka na anawakamata. Sisi tunasema paka akiondoka, panya hutawala. Huyu hakuwa ameondoka.

Asubuhi ya pili ndiyo sababu ya kulala. Panda basi uende Pont del Diable, Daraja la Shetani, kilomita kama nne nje ya mji. Warumi walilijenga kupitishia maji: urefu mita 217, kimo mita 27, mawe yamepangwa bila chokaa katikati. Vaa viatu vya kufunga, njia inapita kwenye misonobari. Wahi kabla ya jua kali, kisha upite juu, ndani ya mfereji wenyewe. Ni mwembamba, nilitembea nimeshika kingo zote mbili, upepo ukivuma, na chini naona vilele vya miti.