Sauti ya Mufasa na Darth Vader: Majibu ya Maswali Yenu

Tangu toleo lililopita tuliposema kidogo tu kuhusu James Earl Jones, yule mwigizaji mzee wa Marekani mwenye sauti nzito, sauti ya Darth Vader wa Star Wars na ya Mufasa, simba mfalme wa The Lion King, aliyefariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93, meseji zimekuja nyingi kuliko hata zile za mpira, na nimefurahi kwa sababu huyu mzee nampenda toka zamani na watu wengi wanaijua sauti yake basi, kazi yake hawaijui. Leo nimechukua maswali manne. Moja nimelijibu kwa urefu, mtanivumilia.

Anko, mimi na mzee wangu wa nyumbani tunabishana. Yeye anasema lile jitu la nguo nyeusi kwenye Star Wars ndiye huyo Jones mwenyewe, mimi nilisikia ni mzungu. Nani mkweli? – Mama wa duka, Malaba

Nyabo, kila mmoja ana nusu yake. Lile jitu linaitwa Darth Vader, na ndani ya zile nguo alikuwa David Prowse, Mwingereza wa Bristol, mtu mrefu wa kunyanyua vyuma. Lakini George Lucas mwenye muvi alitaka sauti nyingine kabisa, ndiyo Jones akaitwa studio mwaka 1977, akasoma mistari yake kwa masaa machache tu akalipwa dola 7,000 akaenda zake. Na ile pumzi ya kutisha unayoisikia kabla jitu halijaongea, hiyo si ya Jones wala ya Prowse, ni ya fundi wa sauti Ben Burtt, alirekodi akivuta pumzi kwa kifaa cha wazamiaji wa baharini. Kwa hiyo jitu moja, watu watatu.

Kuna jambo lingine mwambie mzee. Jones mwenyewe alikataa jina lake liandikwe kwenye muvi ya 1977 na ile ya 1980, alisema yeye amechangia sauti tu kama vile fundi anavyoongeza mlio wa bunduki, mwigizaji ni yule aliyevaa nguo. Jina likatokea mwaka 1983. Kwa unyenyekevu wake namheshimu sana lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo, na nadhani hata wewe hutakubali ukifikiria bibanda vyetu vya video, maana hapa Uganda mtu anauliza kwanza leo ni VJ gani, yaani yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake, ndiyo aulize muvi gani, na akisikia ni VJ Jingo analipa anaingia hata kama muvi ameshaiona. Sauti inabeba kazi. Pale Vader anapomwambia Luke, yule kijana shujaa wa muvi, kwamba yeye ndiye baba yake, Jones aliposoma yale maneno mara ya kwanza aliwaza huyu Vader anadanganya. Mtu wa mlio wa bunduki hawazi hivyo, anayewaza hivyo ni mwigizaji anayemtafuta mtu ndani ya maneno.

Anko, mimi nina kigugumizi tangu nikiwa mdogo. Nataka kufanya kazi ya sauti, redio au hata kuigiza, nyumbani wananiambia niache hizo ndoto nijifunze ufundi wa pikipiki. Nimesikia ati huyo mzee naye alikuwa na kigugumizi, ni kweli au ni stori za watu? – Kijana wa Kasese

Ni kweli mdogo wangu, na ni kweli kuliko unavyofikiri. Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 Arkabutla, Mississippi, huko kusini ambako wakati ule mtu mweusi alikuwa anaishi kwa woga. Baba yake aliondoka mapema kabisa. Mtoto akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, na alipokuwa kama miaka mitano wakahama wote kwenda Michigan, kaskazini, kwenye shamba. Kule kuhama kulimvuruga. Ulimi ukaanza kukwama, watoto wakacheka, mwisho akaona heri anyamaze, akanyamaza kweli, karibu miaka minane shuleni alikuwa kama bubu, anajibu kwa kuandika. Nyumbani aliongea kidogo na watu wake na sana sana na wanyama wa shamba, maana ng'ombe hamcheki mtu.

Halafu sekondari akakutana na mwalimu anaitwa Donald Crouch. Huyu mwalimu aligundua kijana bubu anaandika mashairi. Siku moja Jones akaandika shairi la kusifia balungi, ndiyo, lile tunda, na mwalimu akamwambia shairi hili zuri mno, sitaki kuamini ni lako, kama ni lako simama mbele ya darasa ulisome bila karatasi. Kijana akasimama kwa hasira ya kutuhumiwa wizi akalisoma lote toka kichwani, na ulimi haukukwama hata mara moja. Kuanzia hapo Crouch akamkalisha kwenye mashairi kila siku, kusoma kwa sauti, kusoma tena, mpaka akaingia mashindano ya kuongea mbele za watu.

Sasa sikiliza hapa kwa makini kwa sababu hapa ndipo stori nyingi zinapokosea. Watu wanasimulia kama vile kigugumizi kilipona siku ile. Hakikupona. Jones alisema mwenyewe mpaka uzeeni kwamba bado ni mtu wa kigugumizi na anachofanya ni kuishi nacho, anachagua maneno, anapanga pumzi. Ule utaratibu wake wa kuongea polepole, neno moja linakaa kabla lingine halijaja, ule tunaousifia sisi, umezaliwa na shida ile ile. Kwa hiyo usingoje upone ndiyo uanze.

Na usifikiri alitoka kwa mwalimu akaenda moja kwa moja kwa Mufasa. Aliingia chuo kikuu cha Michigan kusomea udaktari akaona si kwake akahamia maigizo, akaenda jeshini, kisha New York kusomea jukwaa, na huko alikuwa anafagia na kusafisha majengo ili ale. Alimkuta baba yake huko, Robert Earl Jones, naye mwigizaji, wakaja kufahamiana wakubwa wote wawili. Miaka yote ya sitini alicheza jukwaani, Shakespeare na wengine, hela kidogo. Mwaka 1969 ndiyo akapata Tony, ile tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani, kwa kucheza bondia mweusi katika igizo la The Great White Hope, na muvi ya igizo hilo hilo ya 1970 ikamfanya awe mwanaume mweusi wa pili kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora baada ya Sidney Poitier. Tony ya pili 1987, kwa igizo la Fences. Mwaka 1991 akapata Emmy, tuzo ya televisheni, mbili kwa mara moja. Darth Vader alimkuta tayari na miaka 46! Ile sauti ya masaa machache nyuma yake ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya stejini.

Mimi nakushauri usiache ufundi wa pikipiki kama upo karibu, hata yeye alishika ufagio, lakini kila siku soma kwa sauti, mashairi hasa kwa sababu mashairi yana mdundo na mdundo unamshika mkono mtu wa kigugumizi. Simu yako ina rekoda, jirekodi usikilize. Usilazimishe sauti iwe nzito, koo litaumia. Na kama kuna mtaalamu wa matamshi kwenye hospitali kubwa ya karibu yako nenda, hakuna aibu hapo.

Anko, yule mfalme wa Zamunda baba yake Eddie Murphy si ndiye huyo huyo? – Msomaji, Arua

Ndiye. Coming to America, 1988. Na malkia wake pale alikuwa Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika, ambaye 1994 alikuja kuwa sauti ya Sarabi, mke wa Mufasa. Wameoana mara mbili hao, mara moja na taji na mara moja na manyoya. Jones akarudi kuwa Mufasa katika muvi mpya ya 2019, na akarudi Zamunda 2021, na hiyo ndiyo ilikuwa muvi yake ya mwisho.

Anko, nafanya matangazo ya redio. Kuna watu wananitaka nirekodi masaa mengi ati kompyuta ijifunze sauti yangu, halafu hawatahitaji kuniita tena. Hela wanayotaja ni nzuri. Huyo mzee alifanya nini? – Dada wa Jinja

Dada, swali lako zito na nashukuru umeuliza kabla ya kusaini. Jones alipozeeka aliruhusu rekodi zake za zamani zitumike, na mwaka 2022 kampuni ya Ukraine inaitwa Respeecher ikatengeneza sauti ya Vader kwa kompyuta kwa ajili ya Obi-Wan Kenobi, tamthilia ya Star Wars. Alikubali mwenyewe, akiwa hai, akijua ni mhusika gani. Baada ya kufariki, mwaka 2025, sauti ikaingia kwenye gemu ya Fortnite kwa ridhaa ya familia, na hata hivyo chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kikapeleka malalamiko rasmi kwamba kazi ya watu wa sauti imeguswa bila kujadiliana na chama.

Yeye alikuwa na miaka 91 na jina kubwa, wewe bado una miaka yako yote ya kazi mbele na hiyo sauti ndiyo shamba lako. Waambie waandike kwenye karatasi ni matangazo ya nini, ya miaka mingapi, kila tangazo jipya unalipwa kiasi gani, nani mwingine anaweza kuuziwa, na rekodi zinafutwa lini. Siasa na dini uweke kabisa kwamba hapana bila kukuuliza. Mpelekee wakili aisome hiyo karatasi, na wakisema hakuna muda wa wakili, usisaini.