Kishikwambi Hakimsikii Mtoto Akisoma: Kwa Walimu wa Ajira Mpya

Muhula huu nimewatazama walimu wa ajira mpya, pamoja na walimu tarajali waliokuja mazoezi, wakirudia yale yale tuliyoyafanya sisi tulipoanza. Mmekuja na moyo. Wengine mmekuja na kompyuta mpakato zenu, mnatengeneza slaidi za kupendeza, na watoto wamewazoea mapema mno. Nami nimewapenda. Lakini juzi nilipita dirishani mwa Darasa la Nne nikawaona watoto wamekaa kimya nusu kipindi, wakimwangalia mwalimu wao akihangaika na waya. Nikasema hapana, hili sasa niliandike. Sitaeleza TEHAMA ni nini wala andalio la somo linajazwaje. Hayo mmeyasoma chuoni, tena kwa undani kuliko sisi.

1. Jaribu vifaa darasani, usijaribu ofisini.

Projekta iliyong'aa vizuri ofisini kwa mwalimu mkuu, ukiipeleka kwenye darasa la madirisha ya nondo yasiyo na pazia, saa nne asubuhi, picha haionekani. Nenda siku moja kabla, saa ile ile ya kipindi chako, uone jua linaingilia upande gani. Ubao mweusi haufai kuonyeshea, tafuta shuka jeupe. Futa ubao kabla ya kuwasha projekta na si wakati inaendelea, kwa sababu feni yake huvuta vumbi la chaki, na ikiziba mashine inapata joto na kujizima. Angalia salio la LUKU mapema. Na uwe na somo lile lile kwa chaki na manila, kwa sababu umeme ukikatika kipindi hakikusubiri.

Kijana mmoja wa mazoezi alikuwa akifundisha mzunguko wa maji. Slaidi nzuri: bahari, mawingu, mishale ya buluu. Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha mkono kwenye mwanga wa projekta, ukutani akatokea sungura. Darasa likaacha bahari na mawingu, likamfuata sungura. Akaja mbwa, akaja bata anayefungua mdomo. Mwalimu akafoka, akamtoa mtoto nje, na kipindi kikaishia hapo, kwa sababu watoto waliobaki walikuwa bado wanamwaza bata. Jioni nilimwambia: ndugu yangu, leo watoto walikuletea somo la nuru na kivuli wenyewe. Kesho yake alirudi na tochi ya simu na rula. Akawaacha wasogeze mikono karibu na tochi, kisha mbali, wapime kivuli kinavyokua na kupungua, waandike. Yule aliyetolewa nje ndiye aliyepewa kushika tochi. Mpaka leo sijaona kipindi chake kizuri kuliko kile, na kilihitaji simu moja tu.

2. Isikilize programu mwenyewe, herufi zote, kabla watoto hawajaisikia.

Programu nyingi za herufi zinazopatikana bure zinatamka kwa Kiingereza. Mwalimu anaona picha nzuri, anaipakua, anaiwasha mbele ya Darasa la Kwanza. Kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tunaanza na sauti ya herufi, na vokali ndiyo mlango wa kusoma kote. Sasa mtoto anaambiwa A ni "ei", E ni "ii", I ni "ai". Wiki mbili baadaye anaandikiwa "meza" anasoma "miza", na wewe unashangaa amelitoa wapi. Amelitoa kwako. Kama hupati programu inayotamka Kiswahili, rekodi sauti yako kwenye simu, unganisha na spika ndogo. Darasa la watoto themanini linasikia spika moja kwa pamoja, lakini haliwezi kutazama vishikwambi (tableti) sita kwa pamoja. Tusidharau sauti. Shule zilipofungwa hapa Tanzania Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto wengi walibaki na redio tu kama mwalimu wao mpaka tulipofungua mwishoni mwa Juni.

3. Usiiamini mashine inayokwambia mtoto anajua kusoma.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili linaniuma mpaka leo.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vilipoanza kugawiwa kwa walimu mwishoni mwa mwaka ule, nilikuwa na Darasa la Pili. Darasa kubwa, watoto wanabanana madawatini, na kazi ya kumwita kila mmoja mezani asome nikimsikiliza ilikuwa imenichosha kweli kweli. Mwaka uliofuata nikaazima vishikwambi vya wenzangu wasio na vipindi vya asubuhi, nikaweka programu ya silabi. Inatamka silabi, mtoto anagusa kisanduku kimoja kati ya vinne, akipatia anapata nyota na makofi. Mwisho wa wiki inatoa orodha: aliyefaulu kijani, ambaye bado nyekundu.

Watoto waliipenda. Utoro ulipungua, hilo ni kweli na sitalificha. Orodha ikazidi kuwa kijani. Nami nikaanza kupunguza kusikiliza. Kwanza nilisema nitawasikiliza wa nyekundu tu. Nao wakageuka kijani, mmoja baada ya mwingine, basi nikalifunga daftari langu la kusomesha nikaliweka chini ya droo. Nikapeleka taarifa kwa mwalimu wa taaluma. Afisa Elimu Kata alipopita alinisifu, na wenzangu wakaja kuangalia ninavyofanya. Kwenye kikao cha wazazi nilisimama nikasema watoto wenu wanasoma.

Kulikuwa na binti mmoja mkimya, dawati la ukutani. Nyota zake zilikuwa nyingi kuliko za wengi. Mama yake alikuwa akiuza maandazi si mbali na lango la shule. Siku moja alinisimamisha. Akaniambia, "Mwalimu, huyu nyumbani hasomi. Nimempa gazeti ninalofungia maandazi, hajaweza hata neno moja." Nikamjibu kwamba watoto wengine huona haya mbele ya wazazi, avute subira. Halafu nikatoa kishikwambi, nikamwonyesha jina la mwanawe kwenye orodha, kijani. Alitazama, akasema ahsante mwalimu, akarudi kwenye maandazi yake. Yeye ndiye aliyekuwa na ukweli, nami nilimnyamazisha kwa skrini.

Yakaja maandalizi ya upimaji wa KKK. Ikabidi kitabu kifunguliwe na kila mtoto aje mezani. Binti yule akaja. "Mama", akasoma. "Baba", akasoma. Hayo watoto wanayajua kwa sura. Nikaweka kidole kwenye "kobe". Kimya. Nikafunika nusu, nikabakisha "ko". Kimya. Akatazama kitabu, akatazama kidole changu, kisha akauliza taratibu kabisa, "Mwalimu, iko juu au chini?"

Sikumwelewa mpaka jioni, nilipokaa peke yangu na ile programu. Haikuwa inabadilisha mahali pa visanduku. Akisikia "ko" alijua kidole kinakwenda juu kulia. Akisikia "be", chini kushoto. Alikuwa amekariri ramani nzima ya skrini, kazi kubwa kuliko kujua silabi zenyewe, na hakuwa anasoma. Kesho yake nikawaita wengine kwa kitabu. Hakuwa peke yake. Wapo waliokariri kama yeye, na wapo ambao nyota zao zilipatikana kwa kidole cha jirani. Nilikuwa nimewapotezea sehemu kubwa ya mwaka, katika darasa ambalo mtoto akilivuka bila kusoma, Darasa la Tatu halimsubiri.

Nilikwenda kwa yule mama nikamwambia alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sasa tunafanyaje?" Tukafanya hivi: mtoto alikuja kabla ya mstarini, tukarudi kwenye sauti, kadi za manila nilizokata mwenyewe, zinachanganywa kila mara. Mama naye alimpa gazeti kila jioni atafute "ka" zote ukurasa mzima. Aliingia Darasa la Tatu akisoma sentensi fupi kwa kusitasita. Alistahili kuingia akisoma hadithi.

Kwa hiyo nikiwaona mnapeleka majedwali ya asilimia kwa mwalimu wa taaluma mkitabasamu, moyo unanidunda. Kishikwambi kinahesabu miguso. Hakisikii mtoto anapojikwaa kwenye "nywele", hakioni midomo inayomfuatisha jirani. Msikilizeni kila mtoto kwa kitabu, wachache kila siku, na muandike. Programu isiyochanganya majibu ifutwe. Na kwenye vikundi, kanuni yangu ni kwamba aliyeshika kishikwambi hajibu. Anajibu mwenzake, yeye anagusa anachoambiwa, kisha wanabadilishana. Kabla ya hapo mtoto mwenye viwiko vikali ndiye aliyekuwa akisoma kwa niaba ya kikundi kizima.

4. Akili mnemba (AI) haijawahi kuingia darasani kwako.

Najua mnaitumia kuandaa andalio la somo. Sina ugomvi, inaokoa muda na inatoa maswali mazuri ya mazoezi. Lakini juzi nimesaini andalio linalosema kila mwanafunzi afungue kompyuta yake, kwenye shule yenye kompyuta mbili, moja ya ofisi. Lingine lilikuwa la dakika 60 kwa Darasa la Kwanza ambalo kipindi chake ni dakika 30. Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakija hawatamuuliza akili mnemba. Kagueni hasa silabi: niliona imelihesabu neno "mtu" kuwa silabi moja, na mwalimu akalinakili ubaoni vile vile. M-tu. Mbili. Watoto wenyewe walipiga makofi mawili, mwalimu akawaambia wamekosea. Makofi ya watoto yalikuwa sahihi.

5. Picha za watoto si za status ya WhatsApp.

Hili nalisema kwa ukali kidogo, mnivumilie. Mtoto anayelia kwa sababu amekosa hesabu, mtoto mwenye sare iliyochanika, daftari lenye jina kamili na alama sifuri, vyote nimeviona kwenye simu za walimu vikiwa na vikaragosi vya kucheka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zina ulinzi wake humo, mzazi au mlezi lazima aridhie. Hata kama sheria isingekuwepo, mama wa yule mtoto naye ana simu. Ukitaka picha ya somo, piga mikono yao, piga kazi zao bila majina.

6. Vifaa vitumike.

Wenzetu wa Kenya walipoanza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi vya darasa la kwanza, pamoja na kompyuta mpakato za walimu na projekta, suala la chumba salama cha kuvihifadhia lilikuwa kubwa, na zipo shule ambako vilikaa humo muda mrefu bila mtoto kuvigusa. Kwetu nako kuna makabati ya namna hiyo. Mwalimu mkuu anaogopa wizi, na ana haki, jina lake ndilo lililosainiwa. Msimlaumu pembeni. Mwendeeni na daftari la kutoa na kurudisha lenye saa na sahihi, mrudishe kwa wakati wiki tatu mfululizo, mtaona ufunguo unavyotoka wenyewe.

7. Yaliyobaki.

Vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipakue usiku bando likiwa rahisi, uvihifadhi, usitegemee mtandao wa asubuhi. Video ukiituma WhatsApp itume kama faili, la sivyo maandishi hayatasomeka ukutani. Flashi ya shule isichomekwe kwenye kompyuta ya steshenari ya mtaani, ile ya kila mtu, halafu ikarudi ofisini na virusi. Usiache kishikwambi kwenye dirisha lenye jua, betri inavimba. Kishikwambi ulichopewa kwa kazi ni mali ya serikali, michezo ya mwanao iwe kwenye simu yako.

Na mkimaliza mazoezi au mkihamishwa, mwachieni mwalimu wa taaluma nywila zote kwa maandishi, pamoja na waya. Tuna projekta nzima, nzuri, ambayo imekaa tangu mwaka jana kwa sababu mwenzenu mmoja aliondoka na waya wake kwenye begi. Nimempigia simu. Anasema atautuma na basi la Ijumaa.