Maswali na majibu: Zebaki haisafishi nyota

Nyota yangu ni ya moto. Nivae pete ya jiwe gani? (Msomaji, Mbagala)

Jiwe halitakubadilisha. Swali hili naletewa kila wiki na jibu ni lile lile: moto wako ni hasira yako. Anza nayo hiyo.

Nimeambiwa niichemshe zebaki chumbani nijifukize, nyota itakate. Nimeshatoa laki mbili. (Msomaji, Manzese)

Usiichemshe! Pesa imekwenda, pafu lako lisiifuate. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hudhuru ubongo na figo, na kwa mjamzito hudhuru hata mtoto aliye tumboni. Ikimwagika usiifagie, maana ufagio huitawanya vitone vitone. Toa watoto, fungua madirisha.

Zebaki ya alkemia, elimu ya kale ya kugeuza madini kuwa dhahabu, ni alama. Kwa tabibu na mwanaalkemia Paracelsus (1493–1541), chumvi ni mwili, kiberiti ni nafsi, zebaki ni roho, ile isiyoshikika mkononi. Anayekuuzia chupa hajui anachokisema, au anajua na hakuhurumii.

Na zebaki nyekundu iliyomo kwenye cherehani za zamani?

Haimo. Uvumi huo ulipandisha bei ya cherehani Saudi Arabia mwaka 2009, na bado watu wanalizwa. Zebaki ikichanganyika na kiberiti hutoa zingefuri, rangi nyekundu ya kale. Siri nyingine hakuna.

Weusi, weupe na wekundu wa alkemia ni hatua gani? Mbona mimi nimekwama kwenye weusi? (Msomaji, Tabata)

Hili ndilo swali. Niliwahi kukaa na sonara Mtaa wa Indira Gandhi akiyeyusha heleni zilizokatika na vipande vya mkufu. Dhahabu haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,064. Alinyunyiza tinikali, unga wa kutoa takataka, umbo la heleni likapotea, takataka zikaelea juu, na katikati likabaki tone linalocheza na kung'aa. Hakuharakisha hata kidogo.

Weusi ni pale umbo linapopotea. Umefiwa, umeachwa, au umegundua kwamba uliyekuwa ukimlaumu hana kosa. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na hakuna anayemwambia amekwama. Wewe una wiki ngapi? Weupe ni kutakata: unaona ulichokifanya bila kujitetea. Wengi huishia hapo, wakawa watulivu, wasafi, na hawamfai mtu. Wekundu ni damu kurudi, yaani kuwarudia watu ukiwa na joto la kuwapa. Kama utulivu wako haujamfikia mama yako wala mpangaji mwenzako, bado hujafika.

Mimi ni mswalihina. Alkemia si ushirikina? (Msomaji, Magomeni)

Kumtegemea asiyekuwa Mungu ndiko ushirikina, uwe na alkemia au usiwe nayo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa Kiajemi kitabu akakiita Kimiya ya Saada, yaani alkemia ya furaha, na kimiya anayoizungumzia ni kuitakasa nafsi. Muulize shekhe wako kuhusu hilo, usimuulize muuza pete.

Kati ya asili nne, nianze na ipi? (Msomaji, Kimara)

Empedokle, Mgiriki wa Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliziita mizizi: moto, hewa, maji, udongo. Kila mtu anataka moto. Nakushauri uanze na udongo, kwa kuwa ndio tunaoudharau: usingizi, chakula, deni la dukani, simu uliyoahidi kupiga. Wiki nzima lipa na ulale mapema.

Kisha maji. Vuka Kigamboni siku za bamvua, bahari ikiwa imekupwa mbali na kina mama wanaokota chaza. Kaa pale pale mpaka maji yajae. Ni muda wa kama saa sita hivi. Simu iache nyumbani. Ukirudi, niandikie maji yalikukuta ukiwaza nini.