Filamu Kwanza, Chakula Baadaye

*Shikamoo shangazi. Nina miaka minane kwenye ndoa na watoto wawili. Mume wangu ni mtu mwema. Kila mwisho wa mwezi tunawaacha watoto kwa dada yangu, tunatoka wawili tu: chakula cha mchana mgahawani, kisha sinema. Lakini mezani hatuna la kuzungumza. Tukishamaliza habari za ada na kodi ya nyumba, kila mtu anashika simu yake. Tunaingia sinema, tunakaa gizani, tunarudi nyumbani kimya. Juzi nilimwambia afadhali tusitoke tena. Alikasirika, akasema anajinyima kwa ajili yangu na mimi sina shukrani. Tangu hapo tunasemeshana kwa lazima tu. Je, tumechokana?*

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonigusa, na naanza nalo. Watu waliochokana hawahangaiki kila mwezi kutafuta mtu wa kukaa na watoto ili wapate saa chache za kuwa pamoja. Nyinyi bado mnatafutana, ila mnapishana.

Mumeo anajinyima ili siku hiyo ipatikane. Ulipomwambia afadhali isiwepo, wewe ulikuwa unalilia mazungumzo. Yeye alisikia kwamba anachokutolea hukithamini. Angekosaje kuumia? Hilo lirekebishe kwanza. Mwambie waziwazi kwamba siku hiyo unaipenda, na kwamba unachokikosa ni kumsikia yeye.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe, maana naona mpangilio wake unawanyima raha. Mnakaa mezani vichwa vikiwa bado vimejaa mambo ya nyumbani, basi ni ada na kodi zinazowajia mdomoni. Jambo jipya la kuzungumzia mnalipata baadaye, mkiwa ukumbini ambako hamwezi kuzungumza, na filamu ikiisha mnakimbilia nyumbani kwa watoto. Igeuzeni. Chagueni onyesho la mapema, mtazame kwanza, ndipo mwende kula. Mtafika mezani na njaa, na la kusema mtakuwa nalo.

Jambo hili limewahi kupimwa. Ronald Rogge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwafuatilia wanandoa wapya, jozi 174, kwa miaka 3. Baadhi walifundishwa namna ya kusikilizana na kumaliza ugomvi. Wengine walipewa kazi nyepesi zaidi: kutazama filamu tano zinazohusu ndoa na mapenzi ndani ya mwezi mmoja, na baada ya kila filamu kuketi wenyewe wazungumze kwa kama dakika 45. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Kati ya wale ambao hawakupewa chochote, asilimia 24 walikuwa wameachana au kutengana. Kati ya waliotazama na kuzungumza ilikuwa kama asilimia 11, karibu sawa na wale waliofundishwa. Wao walikuwa maharusi na nyinyi mna miaka minane, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi. Zingatia tu kwamba walipotoka kwenye filamu, walizungumza.

Walizungumza nini? Wale wawili kwenye filamu waligombana vipi? Nani aliomba msamaha, na aliuombaje? Mambo yalipokuwa magumu, walisaidiana au kila mmoja alibeba mzigo wake? Kisha: sisi tunafanana nao wapi? Mtu asiyeweza kusema "mimi huumia ukininyamazia" huweza kusema "yule mama aliniuma roho aliponyamaziwa", na mwenzake akaelewa.

Hapa kuna mtego, tafadhali uuepuke. Usije ukamwambia, "Umeona yule mume anavyomsikiliza mkewe?" Akisikia hivyo atarudi kwenye simu yake, na nitamwelewa. Anza na nafsi yako: "Pale alipofunga mlango bila kujibu, nilijiona mimi." Halafu ngoja. Mwanamume asiyezoea kusema mambo ya moyoni huhitaji muda kidogo, na wanawake wengi huujaza muda huo kwa swali jingine kabla hajafungua kinywa.

Kama yeye anapenda filamu za mapigano, zamu yake ikifika nenda naye kwa moyo mmoja. Humo nako kuna wanaosalitiwa na wanaoogopa. Muulize angekuwa yeye angemwamini nani. Hata filamu ikiwa mbaya, kuikosoa pamoja ni raha tosha.

Simu zikae mkobani, mlio ukiachwa kwa ajili ya dada yako tu. Ada na kodi ni mambo ya kweli na yana haki ya kuzungumzwa, hivyo yatengeeni jioni yake katikati ya wiki ili yasiwafuate mgahawani.

Usingoje mwisho wa mwezi kumwambia haya, wala usimwambie mkiwa njiani kwenda. Mwambie wiki hii, watoto wakishalala, ukianza na shukrani ambayo anaamini huna. Filamu ya kwanza mwachie achague yeye.